Shajara ya madumu manne

Kabla ya siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na ubishi wa sebuleni. Binti yangu, yuko kidato cha sita, alirudi likizo na habari mpya: kule chini ya bahari, pasipofika jua, kuna vijiumbe vinavyojitengenezea chakula kwa kuunguza amonia na kumeza kabonidayoksaidi. "Kumbe bahari ina shamba la pili, baba, na hakuna anayelizungumzia." Nikamwambia shamba halisifiwi kwa ekari, husifiwa kwa magunia. Akasema haya, tupime. Mimi ni mwalimu wa baiolojia mstaafu hapa Tanga, nina stoo yenye giza na muda wa kutosha. Ndivyo nilivyonasa.

Niandike kwanza ninachokijua leo, nisije baadaye nikajidai kwamba mengine nayo niliyajua tangu mwanzo.

Samaki akitoa taka mwilini, au mzoga ukioza majini, naitrojeni iliyokuwa kwenye protini hutoka ikiwa amonia. Kundi moja la vijiumbe huichoma amonia kwa oksijeni ikawa naitraiti. Kundi la pili huichukua naitraiti na kuifanya naitreti. Majina hayo yanafanana kama mapacha, kwa hiyo kwenye daftari naitraiti tunaiandika kwa wino mwekundu na naitreti kwa wino wa bluu. Kazi nzima huitwa naitrifikesheni. Nishati inayopatikana ndiyo inayotumika kukamata kabonidayoksaidi iliyoyeyuka majini na kuifanya mwili.

Kwamba kazi hii hufanywa na viumbe hai na si kemia tupu, walilionyesha Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, mwaka 1877. Walipitisha maji taka kwenye mchanga na chokaa, wakaona amonia inageuka naitreti. Wakatia mvuke wa klorofomu unaolemaza viumbe, kazi ikasimama. Wakarudisha maji yaliyosuuza udongo, kazi ikaanza tena. Miaka kama kumi na mitatu baadaye Sergei Winogradsky akawapata wafanyakazi wenyewe, akaonyesha kwamba hawahitaji mabaki ya viumbe kuwa chakula, kabonidayoksaidi inawatosha. Jaribio la wale Wafaransa ninalipenda kwa sababu halihitaji maabara ya mamilioni. Ndilo ninaloliiga.

Siku ya 1

Nimekwenda Sahare alfajiri. Nahodha ninayemfahamu, mtu mzima kunizidi, alikuwa anapakia barafu.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, mwalimu. Hayo madumu ya nini? Umeanza kupika chumvi?"

Nikamweleza nataka maji ya mkondo, mbali na mto na mbali na mji, na kama inawezekana maji ya chini. Akacheka kwa ile ya "chini". Mkondo wa Pemba si kidimbwi, unafika kina cha takriban mita 800, tofauti kabisa na ule wa Unguja ambao sehemu kubwa hauzidi mita hamsini. Kina hicho ndicho kinachowaleta jodari karibu na pwani yetu, na silikanti, samaki wale wa zamani, wanaonaswa na nyavu za Tanga wakati mwingine. Nilikuwa nimetengeneza chombo changu: chupa ya plastiki iliyofungwa, jiwe la kuzamisha, na kamba ya pili ya kuvuta kizibo. Akakishusha kwenye mshipi wake hadi kama pima thelathini. Kikarudi kimesinyaa kama karatasi iliyofinyangwa, kizibo mahali pake, ndani hakuna hata tone. Mita hamsini na kitu za maji hukandamiza kwa zaidi ya mara sita ya hewa ya juu. Jambo hilo nimelifundisha miaka thelathini, lakini chupani sikulikumbuka.

Kwa hiyo nina maji ya juu tu. Si hasara ndogo. Juu kwenye mwanga vijiumbe hivi ni vichache, mwanga mkali unavikwamisha na planktoni, vimea vidogo vinavyoelea majini, wanagombania amonia hiyo hiyo. Makazi yao hasa huanza pale mwanga unapofifia.

Siku ya 2

Madumu manne ya lita tano, yote stooni gizani, kila moja na mrija wa pampu ya hewa.

Mchanga: maji ya mkondo, amonia, na konzi mbili za mchanga kutoka ukingo wa mikoko.
Mkondo: maji ya mkondo na amonia, basi.
Njaa: maji ya mkondo peke yake.
Maiti: maji ya mkondo yaliyochemshwa, kisha amonia.

Amonia nimeitoa kwenye mbolea ya SA, ile salfeti ya amonia wanayoijua wakulima, ambayo naitrojeni ni asilimia 21. Nataka miligramu 10 za naitrojeni kwa lita, maana yake miligramu 238 za mbolea kwa dumu. Mizani ya jikoni haijui miligramu. Njia: gramu 4.76 kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa, kisha mililita 50 kwa kila dumu. Binti ndiye aliyepima, macho yake bado mazima.

Vipimo ni vya wafuga samaki wa urembo, vya matone na rangi, vimekuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Amonia hutoa kijani, naitraiti hutoa zambarau, naitreti hutoa wekundu. Kipo pia cha ualkali, yaani uwezo wa maji kumeza asidi bila kuyumba: unahesabu matone mpaka bluu igeuke njano. Kwa mililita 10 za maji, kila tone ni nusu digrii ya ualkali.

Maji ya mkondo: matone 13. Inalingana na maji ya bahari ya kawaida.

Siku ya 5

Kosa la kwanza limejitokeza lenyewe. Dumu la Maiti lina matone 11, si 13. Sufuria ina ukoko mweupe chini. Ukichemsha maji ya bahari unafukuza kabonidayoksaidi, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka inaganda. Kwa hiyo dumu langu la ulinganisho si maji yale yale yaliyouawa, ni maji mengine. Nimeandika 11 kuwa mwanzo wake na tunaendelea. Mke wangu ameuliza ukoko wa sufuria utatoka na nini. Ndimu.

Siku ya 11

Zambarau! Mchanga una naitraiti. Hafifu, rangi ya juisi ya zambarau iliyozimuliwa sana, lakini ipo. Matatu mengine meupe.

Muda huo ni kawaida. Viumbe hivi vinazaana polepole, na matope ya mikoko yamejaa vyao tayari. Nadhani ndani ya dumu hilo wanaofanya kazi ni bakteria zaidi, jamaa wa Nitrosomonas, wale wapenda shibe. Baharini kwenyewe kazi ya kwanza, amonia kuwa naitraiti, kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa kabila jingine, akea, viumbe vidogo ambavyo si bakteria ingawa kwa darubini utavichanganya. Watafiti Ed DeLong na Jed Fuhrman waliona alama za akea kwenye maji ya bahari mwaka 1992, enzi ambayo vitabu vilisema akea wanaishi kwenye chemchemi za moto na majaruba ya chumvi. Mwaka 2001 Karner, DeLong na Karl wakahesabu na kukadiria kwamba bahari zote zina akea 1.3 × 10²⁸, na kwamba kwenye vina vya giza wanakaribia kuwa nusu ya vijiumbe vyote. Wanakula nini? Hakuna aliyejua kwa yakini.

Jibu lilitoka mahali ninapopapenda kupita kiasi. Mwaka 2005 Könneke, Stahl na wenzao walitangaza kwamba wamefuga akea wa kwanza wa baharini anayeoksidisha amonia, wakampa jina Nitrosopumilus maritimus, na walimtoa kwenye tangi la samaki wa bahari ya joto katika Seattle Aquarium, Marekani. Tangi la maonyesho! Watoto wamebandika nyuso kwenye kioo wakitazama samaki, na nyuma yao siri ya bahari nzima imekaa kwenye changarawe. Nimemsomea binti sehemu hii mara mbili.

Siku ya 13 hadi 21

Umeme umekatika mara tatu, mara moja usiku kucha. Bila pampu oksijeni inapungua na kazi inalala. Mchanga umepona. Hakuna jipya kwingine.

Siku ya 26

Leo nimekaa na daftari mpaka chai imepoa.

Amonia ya Mchanga imekwisha, naitraiti imejaa (ninazimua mara kumi ndipo kipimo kinasomeka). Nikapima ualkali: matone 10, kutoka 13. Umeshuka, kama kitabu kinavyosema, kwa sababu kila molekuli ya amonia inayochomwa kuwa naitraiti hutoa chembe mbili za asidi. Lakini hesabu yangu ilidai ushuke zaidi: miligramu 10 za naitrojeni ni milimoli 0.71, mara mbili ni 1.43, ambayo ni digrii 4, ambayo ni matone 8. Nilitarajia matone 5, nimepata 10.

Binti ndiye aliyeona. Akatia konzi ya ule mchanga kwenye ndimu ukatoa povu. Mchanga wetu ni vumbi la makombe na matumbawe. Asidi ikizaliwa, chokaa inayeyuka na kuimeza. Ndani ya dumu nina bahari na mwamba wake pamoja.

Lakini kilichopoza chai si hicho. Ni hesabu ya kaboni. Kila naitrojeni kumi za amonia zikichomwa, vijiumbe hivi hukamata kaboni kama moja tu. Waoksidishaji wa naitraiti hukamata pungufu ya hapo, tuseme 0.4 kwa kumi. Jumla 1.4. Na asidi iliyotoka ni 20. Asidi hiyo ikikutana na baikaboneti majini huirudisha kuwa kabonidayoksaidi. Kwa mkono mmoja wanameza 1.4, kwa mkono mwingine wanasukuma nje hadi 20. Zaidi ya mara kumi na nne!

Nimemwandikia binti juu ya ukurasa: "Shamba lako la pili linafukuza hewa ukaa kuliko linavyoivuna." Nimelala na furaha ya mtu aliyeshinda ubishi.

Siku ya 29

Furaha imedumu siku tatu. Nimesahihishwa, na aliyenisahihisha ni mwenzangu wa zamani aliyekuwa anafundisha kemia. Nilimpigia kujigamba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na hiyo amonia, mwalimu, ilitoka wapi? Na hiyo naitreti inakwenda wapi?"

Stooni kwetu amonia ilitoka kwenye mfuko wa mbolea. Baharini hutoka kwenye mwili uliooza, na tendo hilo huongeza ualkali kwa moja kwa kila naitrojeni. Naitrifikesheni hupunguza mbili. Kisha naitreti ikipanda juu na planktoni wakaila, ualkali unaongezeka tena moja. Moja, toa mbili, ongeza moja: sifuri. Mimi nilisoma ukurasa wa kati wa daftari la mwenye duka, nikaona matumizi tu, nikatangaza duka limefilisika.

Hata hivyo asidi haikuwa ndoto, ila ina mahali pake. Inazaliwa chini, gizani, na faida inayoifuta inapatikana juu kwenye mwanga, wakati mwingine baada ya karne nyingi, maji ya kina yakiibuka. Kati ya hapo maji ya chini yanabeba deni. Na hata hapo tusiikuze: kwa uwiano wa Redfield, yaani mchanganyiko wa kawaida wa miili ya planktoni, kaboni 106 kwa naitrojeni 16 kwa fosforasi 1, mabaki yakioza chini hutoa kabonidayoksaidi 106 na asidi ya ziada 16. Ukali wa maji ya kina unatokana zaidi na kule kuoza kwenyewe.

Nimefuta sentensi ya juu ya ukurasa kwa mstari mmoja, inasomeka bado. Iache.

Kitu kingine kimetoka kwenye uwiano huo huo na sikuwa nimekitilia maanani. Kuozesha mabaki hayo hadi mwisho kunahitaji oksijeni 138: 106 ni za kaboni, 32 ni za naitrojeni. Yaani karibu robo ya oksijeni inayoliwa kwenye kuoza baharini inaliwa na hawa wadogo wetu wanaochoma amonia. Robo! Kwenye kaboni wanakula kijiko, kwenye oksijeni wanakomba sahani. Bahari ya Arabia, upande wa Omani, ambako maji ya kati yana oksijeni kidogo mno, sahani hiyo ya oksijeni si mzaha.

Siku ya 34

Mkondo umeamka. Zambarau hafifu. Maiti bado meupe, Njaa bado meupe. Mchanga umeanza kutoa wekundu wa naitreti, kwa hiyo kundi la pili limefika kazini.

Siku ya 40

Mvua ya masika, nahodha hatoki, nami nimeshinda ndani. Leo tumefanya hesabu ya magunia, ile iliyoanzisha yote.

Planktoni wa bahari zote hutengeneza kama gigatani 50, yaani tani bilioni 50, za kaboni kwa mwaka. Zinazozama kutoka kwenye mwanga kwenda gizani, makadirio yanacheza kati ya 5 na 12. Tumechukua 10 kwa urahisi wa kichwa. Kila kaboni 106 zinazozama huandamana na naitrojeni 16, na tuseme naitrojeni yote huishia kuwa naitreti. Zidisha 10 kwa 16, gawanya kwa 106, zidisha kwa ile moja ya kumi ya waoksidishaji wa amonia: gigatani 0.15. Ongeza waoksidishaji wa naitraiti: tunafika kama 0.2.

Asilimia mbili ya kilichozama. Shamba la pili lipo, mavuno yake ni makombo ya shamba la kwanza.

Binti hakukubali kirahisi, na alikuwa na haki. Alisema hao akea wanasifiwa kwamba njia yao ya kukamata kaboni ndiyo isiyotumia nguvu nyingi kuliko zote zinazojulikana kwa viumbe wanaotumia oksijeni. Kweli, Könneke na wenzake walilionyesha mwaka 2014. Lakini ubahili hauongezi mshahara. Kuchoma moli moja ya amonia kuwa naitraiti kunatoa kama kilojuli 275, naitraiti kuwa naitreti kama 74. Na nishati yenyewe inakuja kwa sarafu isiyofaa: elektroni za amonia hazina msukumo wa kutosha kufikia kabonidayoksaidi, kwa hiyo kiumbe analazimika kuzisukuma kupanda mlima, na kupanda huko kunakula sehemu kubwa ya alichopata. Ni mama ntilie ambaye mauzo yote yanaishia kwenye mkaa.

Wataalamu nao wamevutana kwa hili. Watu waliochukua maji ya kina wakapima ukamataji wa kaboni gizani walipata viwango vikubwa kuliko amonia iliyopo inavyoweza kulipia. Mwaka 2017 Pachiadaki na wenzake wakaonyesha kwamba kwenye Atlantiki ya kaskazini magharibi, katika tabaka la chini ya mwanga, waoksidishaji wa naitraiti wa kundi la Nitrospinae wanahusika na asilimia 15 hadi 45 ya kaboni inayokamatwa, wakati macho yote yalikuwa kwa akea. Na vipimo vipya vya Pasifiki, ambapo waoksidishaji wa amonia walizimwa kwa kizuizi cha kemikali na kazi iliyobaki ikapimwa, vinaonyesha mchango wao ni sehemu ndogo. Kaboni nyingi inaendelea kukamatwa hata wakiwa wamezimwa. Ni jaribio lile lile la klorofomu, limehama kutoka mchanga wa Ufaransa hadi Pasifiki.

Binti: "Kwa hiyo nimeshindwa?"

Nikamwambia umeshindwa kwenye magunia.

Siku ya 47

Sijaacha kufikiri juu ya ile "kwenye magunia". Maana kuna mahali vijiumbe hivi vina uzito mkubwa kwenye kaboni, nako ni kwenye vitabu vya hesabu.

Mwaka 1967 Dugdale na Goering walikuja na wazo zuri mno. Kupima kaboni inayozama ni kazi ngumu, lakini planktoni wanaokula juu wana vyakula viwili vya naitrojeni: amonia, ambayo ni makombo ya papo hapo, na naitreti, ambayo imepanda kutoka kina. Kinachoingia kwa naitreti lazima kilingane na kinachotoka kwa kuzama, la sivyo meza ya juu ingejaa au ingekauka. Basi pima naitreti inayoliwa, umejua kaboni inayozama. Ni kama kujua idadi ya wageni mjini kwa kuhesabu sahani za hotelini.

Wazo linasimama ikiwa naitrifikesheni inafanyika chini tu. Yool na wenzake mwaka 2007 walikusanya vipimo vya bahari nyingi na kukuta kwamba kazi hiyo inaendelea hata ndani ya tabaka la mwanga, na kwamba kwa wastani kama nusu ya naitreti inayoliwa juu ilitengenezwa huko huko juu. Nusu ya "wageni" ni wenyeji waliokwenda kula hotelini. Ukihesabu sahani bila kujua hilo, utaripoti kaboni nyingi inazama kuliko inavyozama kweli.

Hapa tuwe waangalifu, mwenyewe niliteleza siku ya 26. Vijiumbe havijazuia gramu moja isizame. Wamebadilisha lebo tu. Lakini anayeandaa makisio ya bahari inameza kiasi gani cha hewa yetu chafu, na bahari humeza kama robo ya tunayoitoa kila mwaka, hawezi kupuuza anayebadilisha lebo usiku.

Siku ya 52

Mkondo umepunguza mwendo. Amonia imebaki kama robo na haishuki kama wiki iliyopita. Ualkali matone 7, na kipimo cha pH, ambacho namba ikishuka maji yamezidi asidi, kimetoka rangi ya 8.2 hadi karibu 7.8. Hakuna mchanga wa makombe wa kuliokoa dumu hili.

Sababu ninayoiamini: kimeng'enya chao kinashika amonia yenyewe, NH₃, si amoniamu yenye chaji. Maji yakizidi ukali, amonia inavaa chaji, na mezani inabaki kidogo. Beman na wenzake walilijaribu baharini, Atlantiki na Pasifiki, wakashusha pH kwa 0.05 hadi 0.14 tu, na kasi ikashuka kwa asilimia 8 hadi 38. Kumbuka maji ya juu ya bahari yameshashuka kwa 0.1 hivi tangu viwanda vianze. Mimi dumu langu limeshuka mara nne ya hapo, na kwa hisani ya vijiumbe vyenyewe: wamechafua chumba wanacholala.

Siku ya 58

Maiti amefufuka. Zambarau, ndogo, lakini hakuna ubishi. Nimekaa nikijiuliza, mpaka binti akanyanyua bomba la sindano tunalovutia sampuli: tumekuwa tukilitumia kwa madumu yote, tukisuuza kwa maji ya bomba. Bila kukusudia tumefanya nusu ya pili ya jaribio la Schloesing na Müntz, ile ya kurudisha mbegu. Tungekusudia, tusingepata ushahidi mzuri hivi kwamba siku 56 za ukimya zilitokana na kukosa viumbe.

Siku ya 66

Mchanga: amonia sifuri, naitraiti sifuri, naitreti nyekundu ya mwisho wa kadi. Matone 10.

Mkondo: amonia sifuri, naitraiti bado nyingi, naitreti imeanza. Matone 6. Nilitabiri 5. Ile tofauti ya tone moja naiweka kwa naitrojeni iliyoingia kwenye miili yao na kwa jicho langu, bila kujua kipi kimechukua ngapi. Tangu amonia iishe ualkali haujasogea, na ndivyo inavyopaswa: hatua ya pili haitoi asidi.

Kaboni waliyokamata kwenye dumu zima, kazi ikikamilika: kama miligramu 6. Nimepima sukari kidogo kwa mizani ya jikoni ili nimwonyeshe binti. Mizani imekataa kusoma.

Njaa: sifuri, sifuri, sifuri, matone 13. Tangu siku ya 2 halijawahi kutoa rangi, na kwa wiki nyingi nimelipita bila kulitazama, kama kikombe cha ziada.

Jana usiku ndipo nilipolitazama. Mwaka 2009 Martens-Habbena na wenzake walipima Nitrosopumilus wa Seattle wakakuta anafanya nusu ya kasi yake kwenye nanomoli 133 tu za amonia kwa lita. Kipimo changu cha matone, rangi yake ya chini kabisa, kinaanzia zaidi ya mara mia moja ya hapo. Dozi yangu ya SA ilikuwa zaidi ya mara 5,000. Madumu yangu matatu yalikuwa karamu ya bakteria wapenda shibe. Bahari yenyewe, ile ya mita 300 chini ya mtumbwi wa nahodha, inafanana na hili la nne ambalo kipimo kinasema halina kitu.

Binti amerudi shule Jumapili. Mchanga, Mkondo na Maiti nimewamwagia mnazi nyuma ya nyumba, nikaja kukumbuka baadaye kwamba ni maji ya chumvi, ila mnazi wa pwani umezoea. Sufuria imesafishika. Pampu moja nimemrudishia jirani.

Njaa nimeliacha stooni, gizani, hewa inapita. Leo pia nimelipima. Sifuri.